Kaunta ikifungwa, keshia anabaki na nini?

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaobadilisha kazi, na wengi wao hawakuchagua kubadilisha. Siku hizi hapa Dar es Salaam wanaonijia sana ni waliokuwa makeshia wa benki. Swali lao huwa lile lile: "Nikasomee nini?" Naelewa linakotoka. Kodi ya nyumba haingoji, na matangazo ya kozi za kompyuta yamejaa kila kona. Hata hivyo, siku ya kwanza silijibu.

Tuanze na kilichobadilisha kazi ya kaunta. Mashine ya kutolea fedha ilipowekwa mara ya kwanza na benki ya Barclays huko Enfield, London, mwaka 1967, ilikuwa rahisi kuamini kwamba siku za keshia zinahesabika. Haikuwa hivyo. Mwanauchumi James Bessen ameonyesha kwamba Marekani, tawi la mjini lililokuwa na makeshia wapatao 20 mwaka 1988 lilibaki na 13 hivi kufikia 2004. Lakini gharama ya kuendesha tawi ilishuka, benki zikafungua matawi mengi zaidi, na jumla ya makeshia haikuporomoka. Kuhesabu noti kulipungua, kuzungumza na mteja kukaongezeka.

Simu imekuja na mambo mengine kabisa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008. Baadaye benki zikaruhusiwa kuwa na mawakala mitaani, na malipo ya serikali yakaanza kulipwa kwa control namba, yaani namba maalumu ya malipo. Mashine ya ukutani ilimpunguzia keshia kazi akiwa ndani ya tawi. Simu imemwondolea mteja sababu ya kufika tawini.

Kwa hiyo mimi huuliza: pale kaunta, nani alikuwa anakutafuta wewe, si dirisha lolote lililo wazi?

Dada mmoja alianza kunijibu kwa kuzungumzia mikono yake. Namna ya kufungua bunda na kuhesabu bila kutazama, noti bandia anavyoihisi kwa kidole kabla ya kuiona, jioni kubalansi hadi shilingi ya mwisho. Kisha akafika kwa wastaafu. Mwisho wa mwezi waliacha madirisha mawili matupu wakapanga foleni kwake. Alikuwa akiandika salio kwenye karatasi na kuisukuma chini ya kioo, asilitamke mbele ya mjukuu aliyemsindikiza bibi. Bibi akitaka kutoa fedha zote, alimuuliza taratibu: "Shikamoo bibi. Zote leo? Kuna mtu amekuambia uzitoe?" Mara nyingine bibi alinyamaza, akachukua nusu, akaondoka.

Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa. Kuhesabu kumechukuliwa na mashine, wala hakutarudi. Ile ya kumlinda mzee asiporwe na watu wake mwenyewe bado inahitaji mtu, na tena inahitajika zaidi sasa matapeli wanapompigia simu moja kwa moja.

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali. Wenye majukumu yale yale kwenye karatasi waliielewa kazi yao tofauti: wengine walisema wanadeki, wengine walijiona sehemu ya uponyaji wa mgonjwa na wakafanya mambo ambayo hawakuagizwa na mtu. Naupenda utafiti huo, ila nachukia unavyotumiwa. Mwajiri anayempa mtu semina ya wito badala ya mshahara anamdhulumu. Maana ya kazi hainunui unga, na sitaki mteja wangu ajifariji nayo huku analipwa pungufu.

Ninaanza na swali la nani alikuwa anakutafuta kwa sababu jibu hubadilisha mahali pa kutafuta kazi. Anayekumbuka zaidi raha ya hesabu kukaa sawa, namwelekeza kwenye uhasibu, ukaguzi, au vitabu vya SACCOS. Anayewakumbuka watu, dawati la malalamiko, mifuko ya pensheni, vitengo vya kupambana na utapeli. Anayekumbuka tai na heshima ya mtaani naye simbezi. Heshima ni sehemu ya ujira, na kuipoteza kunauma. Nimewaona wanaume wawili waliotoka benki wakafungua vibanda vya uwakala vinavyofanana: floti, kuweka, kutoa, kamisheni ya mwisho wa mwezi. Mmoja anajiona ameshushwa cheo kila jirani anapopita. Mwenzake ana uchangamfu ambao sikuwahi kuuona alipokuwa kazini, kwa sababu nusu ya siku anawafundisha wazee wasimtajie mtu namba ya siri.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya kozi yoyote, chukua daftari. Andika waliokuwa wakikutafuta, walichokuja nacho, na walichoondoka nacho ambacho hakikuandikwa kwenye risiti. Kisha nenda sehemu mbili au tatu ambako watu wenye shida hizo wanakwenda sasa, kaa na anayewahudumia, muulize analipwaje na anakwama wapi. Akikutajia ujuzi unaokupungukia, hiyo ndiyo kozi ya kulipia. Dada yule aliambiwa sheria za mafao na kompyuta kidogo. Anasoma jioni, na asubuhi yuko kwenye SACCOS ya wastaafu kwa mkataba wa muda. Mshahara bado haujafikia wa benki, na hilo tunaendelea kulifanyia kazi.