Kabla hujachora nyumba ya likizo, kakae kwenye kiwanja kwanza

Habari za leo wadau. Mimi nipo dawati la ushauri wa majengo hapa taasisini, na kitu kinachonifikia mara kwa mara ni mtu amenunua kiwanja cha pwani, iwe Bagamoyo, Pangani, Kilwa au kule Unguja upande wa Jambiani, anakuja na simu mkononi ananionyesha picha ya nyumba ya vioo vitupu imekaa juu ya jabali huko Ugiriki, anasema mtaalamu nataka kama hii ila iendane na mazingira. Namuuliza kiwanja umekaa nacho muda gani? Ananiambia alifika siku moja na dalali, saa nne asubuhi, maji yamekupwa, upepo umetulia, akapenda akalipa.

Hapo ndo tatizo linapoanzia, wala sio kwenye ramani. Watu wengi wanadhani nyumba kufanana na mazingira ni kuweka makuti juu ya boksi la zege na kupaka rangi ya udongo, lakini kazi kubwa ni kujua nyumba ikae wapi, na hilo kiwanja chenyewe ndo kinakwambia ukikipa muda.

Chukua maji. Pwani yetu bahari inapanda na kushuka kama mita 4 wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, sasa kama ulifika siku ya maji mafu, pale bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, huwezi kujua bahari inakula mpaka wapi. Nenda siku ya bamvua kubwa, subiri maji yajae, halafu uangalie ule mstari wa majani makavu na takataka zilizoachwa na bahari, hapo ndo bahari inakwambia mipaka yake. Kwa Tanzania Bara kuna na sheria kabisa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na Zanzibar wana sheria zao, ulizia mamlaka husika kabla hujachimba msingi. Watu wananung'unikia hizo mita 60 kama vile wameibiwa ardhi. Mimi naona ni zawadi, kwa sababu vile vichaka vya mbele ndo vinaificha nyumba, ndo vinazuia chumvi, na ndo vinashika mchanga.

Mwaka juzi niliitwa kuangalia nyumba moja upande wa mashariki, sitaitaja. Mwenyewe alileta katapila likafyeka kila kitu ili apate vyuu, yaani aione bahari bila kizuizi, hata ule mtambaa wenye maua ya zambarau unaotandaa mchangani uliondoka. Ilipoingia kusi, ule upepo mkali unaotoka kusini, ikawa balaa, mchanga kwenye bwawa la kuogelea, mchanga kwenye masufuria, mpaka kwenye friji, akaamua kujenga ukuta wa zege ufukweni, mawimbi yakawa yanaupiga ukuta na kuchimba mchanga chini yake, na jirani naye ufukwe wake ukaanza kupungua. Vyuu anayo lakini madirisha hayafunguki miezi minne. Angeacha kichaka akakata kinjia tu cha kupita mtu mmoja, kilichopinda kidogo ili upepo usipite moja kwa moja, angeiona bahari na mchanga ungebaki kwao.

Suala la upepo na jua wala halitaki shahada. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba na ndo yenye nguvu zaidi. Jua kwetu linapita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi. Kanuni ni kuinyoosha nyumba mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Sasa mwenye kiwanja cha Jambiani atasema bahari yangu iko mashariki, nifanyeje? Weka baraza pana upande huo, paa lishuke chini mpaka ukikaa kwenye kiti jua la asubuhi likufikie miguuni tu, na vyumba vipange kwa nyuma vikiwa vimelala kufuata upepo.

Kingine ni ukubwa wa jengo. Nyumba moja kubwa ya vyumba sita itabidi ikate miti, hamna namna. Ukivunja ikawa vibanda vitatu vinne vidogo, kila kimoja kinapenya katikati ya miti na ukisimama mbali unaona miti kwanza. Hapa wazee walituzidi akili. Ukiingia nyumba za zamani za Lamu au Mji Mkongwe utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana kama mita 2.5 mpaka 3, na sababu ni boriti, ule mti wa mkoko unaobeba dari haufiki mbali zaidi ya hapo. Fundi alikuwa anapimiwa chumba na mti wenyewe. Na chumba chembamba chenye madirisha pande mbili kinapitisha hewa hata bila feni, so kile kizuizi kikageuka faida. Siku hizi sikushauri ukakate mikoko kiholela, uvunaji wake una vibali na inalinda pwani hiyo hiyo unayotaka kuishi, mvinje uliotiwa dawa unafanya kazi vizuri, ila kile kipimo kibakize.

Kuhusu kuta, mawe ya mwamba ya machimboni kwa chokaa yanakaa vizuri sana pwani, na rangi yake ndo rangi ya ardhi ya pale, huhitaji hata kupaka. Ila tafadhali usipige plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, ukuta wa namna hiyo unapumua, unyevu unaingia na kutoka, saruji inaufungia ndani na baada ya muda plasta inabanduka kama ganda la muhogo. Mchanga wa ufukweni nao usiutie kwenye zege lenye nondo, chumvi itakula nondo na zege litapasuka toka ndani. Hili nalisema kila siku na kila siku nakuta tripu ya mchanga wa baharini imemwagwa saiti.

Makuti nayo kuna makuti na makuti. Ya kumba, yale ya kusuka, ni ya uzio na banda la kuku, kwa paa unataka ya viungo, yaliyoshonwa kwenye fito. Angalia fundi anavyoyapanga, akiachanisha sana ili aokoe hela utavujiwa mapema. Mteremko uwe mkali, kama nyuzi 45, maji yakimbie. Hata hivyo jiandae kubadilisha kila baada ya miaka michache, na jiko la moto liwe mbali na paa, cheche moja inatosha.

Maji ndo watu wanayasahau kabisa. Ardhi ya mwamba wa matumbawe ina matundu kama sponji, maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi, ukivuta sana kwa pampu chumvi inapanda, kisima chako na cha kijiji vyote vinaharibika. Na choo chako kikivuja kinaishia baharini kwenye matumbawe ambayo wageni wamekuja kuyaona. Ukitaka kuona mfano nenda Chumbe, kisiwa kidogo pembeni ya Unguja ambacho bahari yake ilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kuna vibanda 7 tu, paa lenyewe linakinga mvua, maji yanachujwa na kutunzwa kwenye tangi chini ya sakafu, vyoo ni vya mboji havitumii maji, maji ya kuogea yanapitishwa kwenye vitalu vya mimea, umeme ni wa jua. Sio lazima uige vyote, ila hata kukinga mvua peke yake kunapunguza mzigo.

Taa nazo. Kama fukwe yako inataga kasa, taa kali zinazoangalia bahari zinawapoteza watoto wa kasa, wakitoka kwenye mchanga wanafuata mwanga badala ya maji, asubuhi unawakuta wamekufa barazani kwako. Weka taa chini, za rangi ya kaharabu, yaani njano iliyokoza, zimefunikwa zisionekane kutoka ufukweni, na ambazo huzitumii zima.

Wanaotaka ushauri karibuni ofisini, ila kabla ya kuja naomba ulale kiwanjani walau mara mbili, mara moja bamvua na mara moja kusi ikiwa imechachamaa, upige picha, ufunge kitambaa kwenye kila mti usiotaka kuukata. Ile picha ya Ugiriki tutaiangalia baadae.