Kinachobaki Kwenye Nepi Ndicho Anachokivaa Mtoto

Mzazi anapotuletea kliniki mtoto mwenye makalio mekundu yaliyochubuka, swali letu la kwanza huwa hili: maji ya mwisho uliyosuuzia nepi yalionekanaje? Wengi hushangaa. Walijiandaa kuulizwa mtoto anapakwa mafuta gani au amebadilishiwa chakula lini. Kisha hutoa nepi kwenye mfuko, nyeupe kabisa na yenye harufu nzuri ya sabuni, ili tuone kwamba usafi wanauzingatia. Na ni kweli wanauzingatia. Ila weupe na harufu havitoshi kutuambia kwamba nepi ni safi. Kinachomsumbua mtoto mara nyingi hakionekani: mabaki ya kinyesi kwenye mishono, sabuni iliyogandia kwenye nyuzi, au unyevu uliojificha katikati ya kitambaa kilichokunjwa mara tatu, mara nne.

Ngozi ya binadamu kwa kawaida ina asidi kidogo, na asidi hiyo ni sehemu ya kinga yake. Mkojo wa mtoto mwenye afya hauna madhara makubwa unapotoka. Shida huanza unapokaa pamoja na kinyesi. Bakteria wa kinyesi huvunja yurea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayokupiga puani ukifunua ndoo ya nepi asubuhi. Kwa miaka mingi waganga waliamini kuwa amonia yenyewe ndiyo inayomchoma mtoto. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba njia ni ya kuzunguka zaidi. Amonia huipunguza ile asidi ya ngozi, na asidi ikishapungua, vimeng'enya vya kinyesi, vile vile vinavyosaga protini na mafuta tumboni, hupata nguvu ya kuila ngozi. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka kwa msuguano mdogo tu, na hapo fangasi aina ya Candida hupata mlango. Nepi iliyofuliwa nusunusu humvika mtoto bakteria hao kabla hata hajakojoa.

Kuna imani iliyoenea kwamba kinyesi cha mtoto mchanga si kichafu kama cha mtu mzima. Natamani imani hiyo itoweke. Kinyesi cha mtoto kinaweza kubeba virusi vya rota, virusi vya homa ya ini aina ya A, bakteria wa kuhara na wa kuhara damu, na mtoto akishaanza kutambaa huenda kikawa na mayai ya minyoo pia. Mtoto anayeugua virusi vya rota hutoa mabilioni ya virusi katika kila gramu ya kinyesi, na huanza kuvitoa hata kabla hajaanza kuhara. Kwa hiyo huwezi kusubiri dalili ndipo uanze kujihadhari. Kila nepi ishikwe kana kwamba ina ugonjwa, hata ya mtoto anayecheka na kunyonya vizuri. Kinyesi cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee ni chepesi na hutoka kwa urahisi kwenye maji, lakini wepesi huo haukifanyi kuwa salama.

Basi kazi huanza chooni, kabla ya beseni. Kinyesi kikwanguliwe na kumwagwa chooni mara tu nepi inapovuliwa. Kisitupwe kwenye takataka, wala bustanini, wala kwenye mtaro. Kisha nepi isuuzwe kwa maji baridi, na maji hayo nayo yamwagwe chooni, kwa kuwa ni maji taka kamili. Nasisitiza maji baridi kwa sababu kinyesi kina protini, na protini ikikutana na maji ya moto huganda na kushika kitambaa, jinsi ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria. Doa lililopikwa namna hiyo utalisugua siku nyingi.

Hapa ndipo familia nyingi hulowekea nepi kwenye ndoo ya maji hadi siku ya kufua. Mimi napendelea ndoo kavu yenye mfuniko, nepi zikae humo siku moja, zisizidi mbili. Maji ya kulowekea yanapokaa muda mrefu hugeuka kuwa mchuzi wa bakteria, nepi iliyokuwa na mkojo tu ikachafuliwa na ile iliyokuwa na kinyesi. Na kuna sababu nyingine inayonifanya nisilegeze msimamo: mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita 5 tu. Anayejifunza kusimama huinama ndani ya ndoo, kichwa chake ni kizito kuliko miguu, hawezi kujirudisha, na hapigi kelele. Ukilazimika kuloweka, mfuniko ubane na ndoo iwe mahali asipofika.

Nepi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na vyombo wala nguo za wengine, na beseni lake liwe lake. Kwa mikono, tumia maji ya moto kadiri mikono inavyoweza kustahimili, na nguvu zako zipeleke kwenye mishono na pale kitambaa kinapokunjwa, kwani katikati hujisafisha yenyewe kwa urahisi. Kwa mashine, anza na mzunguko mfupi wa maji baridi, kisha mzunguko mrefu wa nyuzi joto 60. Usiishindilie; nepi zisizo na nafasi ya kugeuka huzunguka tu kwenye uchafu wake. Nepi za pamba tupu zinaweza pia kuchemshwa kwa dakika 5 hadi 10 baada ya kufuliwa, jambo linalosaidia sana kwa asiye na mashine. Vifuniko visivyopitisha maji na nepi zenye lastiki zisichemshwe: utando wake hubanduka na lastiki hulegea, kisha mkojo huvuja mapajani.

Dawa ya klorini tunaulizwa karibu kila siku. Haihitajiki katika kila ufuaji. Ina kazi yake mtoto anapoharisha, anapotibiwa fangasi, nepi zinaporithiwa kutoka kwa mtoto mwingine, au pale maji ya moto hayapatikani. Wanaoitumia, wengi huitia mapema mno. Uchafu huimaliza klorini kabla haijawafikia vijidudu, hivyo kuimwaga juu ya nepi yenye kinyesi ni kuipoteza. Nepi ifuliwe kwanza, isuuzwe, ndipo iingie kwenye dawa. Kama chupa inaonyesha nguvu ya asilimia 5, mililita 100 katika lita 10 za maji hutoa mchanganyiko wa takriban asilimia 0.05. Nepi izame humo dakika 30, kisha isuuzwe tena. Tengeneza mchanganyiko siku ile ile unayoutumia.

Sasa onyo ambalo naomba usilisome haraka. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu inayochoma macho, koo na mapafu. Nepi iliyolala na mkojo ina amonia. Anayemimina dawa ya klorini kwenye ndoo ya nepi za jana, ndani ya bafu dogo lililofungwa, anaitengeneza sumu hiyo kwa mikono yake. Siki nayo isichanganywe na klorini hata kidogo.

Tufike kwenye kusuuza, hatua inayoonewa kuliko zote kwa kuwa mfuaji ameshachoka. Sabuni iliyobaki hufanya madhara ya aina mbili. Huwasha ngozi, hasa inapolowa tena kwa mkojo, na huvika nyuzi utando unaozuia maji kuingia. Maji magumu, yale yasiyotoa povu upesi, huongeza tatizo, maana madini yake huungana na sabuni ya kipande na kuacha masalia meupe kwenye kitambaa. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi, kwani kazi yake hasa ni kuacha utando. Kwenye nepi haina nafasi. Unaweza kujipima kwa namna mbili. Kamua nepi ya mwisho kwenye glasi inayopitisha mwanga, utikise: kukiwa na povu, rudia kusuuza. Au dondoshea maji kwenye nepi kavu: yakibingirika juu badala ya kunywewa, kuna utando, na nepi hiyo inahitaji maji ya moto yasiyo na sabuni, mara kadhaa, hadi povu liishe. Maji yakiwa haba, yaliyo safi zaidi yatunze kwa kusuuzia mara ya mwisho, na maji hayo ya mwisho yatumie kusuuzia mara ya kwanza siku inayofuata.

Kama kuna anayeona nalitilia chumvi suala la masalia, yapo yaliyotokea St. Louis, Marekani, mwaka 1967. Katika hospitali moja ndogo ya uzazi, watoto wachanga 9 waliugua vibaya, wakitoka jasho jingi na kupumua kwa shida, na 2 kati yao wakafariki. Chanzo kilipatikana kwenye chumba cha kufulia: dawa ya kuzuia ukungu iliyotiwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia nepi na mashuka. Ilibaki kwenye kitambaa na kupenya ngozi za watoto. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, eneo lake ni kubwa ukililinganisha na uzito wa mwili, na nepi huibana ngozi hiyo mchana na usiku. Kwa hiyo chochote unachotaka kutia kwenye maji ya mwisho, hata kiwe na jina zuri na picha ya mtoto kwenye lebo, kiache.

Kuanika ni jua na upepo. Tandaza nepi wazi, isikunjwe, upande unaogusa mtoto uelekee jua. Miale ya jua hupunguza vijidudu na kung'arisha madoa, na ukavu hunyima fangasi maisha. Nepi nene hudanganya: nje ni kavu, ndani bado mbichi. Ibane kati ya viganja kwa muda. Ukihisi ubaridi, irudishe kambani. Kusini mwa Sahara kuna nzi aitwaye Cordylobia anthropophaga anayetaga kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au chini, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi na kuota majipu. Huko nepi ipigwe pasi ya moto kila upande, mishono ikiwemo. Kwengineko pasi ni hiari, ingawa mvua inapozuia jua hufanya kazi nzuri.

Zikishakauka, zikae mahali pakavu, na kabatini humo pasiwe na vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo. Hili halijulikani kiasi linavyopaswa. Duniani kuna watu takriban milioni 400 wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi hawajui kama wanao. Mtoto mwenye upungufu huo akivalishwa nepi au kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu huvunjika, hupata manjano kali, na manjano hiyo ikipanda sana huweza kudhuru ubongo. Nguo zilizowahi kukaa na vidonge hivyo, hasa za kurithi zilizotoka sandukuni, zifuliwe na kuanikwa nje hadi harufu iishe kabisa kabla hazijamgusa mtoto.

Baada ya kila nepi mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20 hivi, ya mtoto pia kama alijigusa. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja, na wanaofaidika ni wote wanaokula kutoka kwenye mikono hiyo.

Vipele vyekundu vya kawaida hupoa ndani ya siku 2 au 3 nepi ikibadilishwa mara kwa mara na mtoto akiachwa wazi kwa vipindi. Visipopoa, au vikiingia kwenye mikunjo ya mapaja na kuzungukwa na vidoadoa, au vikitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, mlete kliniki, na njoo na nepi moja uliyoifua. Mtoto mchanga aliyegeuka manjano macho na ngozi asisubiri hata usiku mmoja.