Mkate wa stoo barabara ikikatika: maswali na majibu

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara ya Kilwa pale Somanga, na mizigo ya kuja Lindi na Mtwara ikakwama. Ngano huadimika siku kama hizo, ila stoo nyingi za huku hazikosi mbaazi.

Mkate bila ngano unapikwaje?
Loweka kikombe cha mbaazi kavu usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha hadi zibonyee kwa vidole, kisha ponda. Changanya na vikombe viwili vya unga wa mtama au dona, chumvi, na ufuta uliokaangwa ukatwangwa. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Tandaza unene wa kidole kwenye kikaango chenye mafuta, funika, moto mdogo, geuza. Hautaumuka, na ukiukata wa moto utamomonyoka, subiri upoe.

Kwa nini mbaazi?
Takriban sehemu moja ya tano ya mbaazi kavu ni protini, tena ina laisini, kijenzi cha protini ambacho nafaka zinacho kidogo.

Unga wa makopa (muhogo mkavu) unafaa?
Unafaa, lakini hapa sina utani. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hubaki na sumu ya sayanidi. Anayeula siku nyingi bila protini ya kutosha anaweza kupata konzo: miguu inapooza ghafla, na haiponi. Mtwara imewahi kuwa na wagonjwa wake.

Kuipunguza sumu hiyo, weka unga wa makopa kwenye bakuli, sawazisha, tia alama usawa wake. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze kwenye sinia, usizidi unene wa sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, sayanidi itoke na hewa. Upike siku hiyo hiyo. Na mbaazi usiziache, hata kama watoto wananuna.

Karanga zenye ukungu je?
Tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Wadudu ni afadhali, hao unawachekecha.

Mtoto mchanga apewe?
Chini ya miezi 6, maziwa ya mama tu. Akishavuka hapo, uloweke kwenye uji hadi ulainike.

Unatosha peke yake?
Hapana, hauna vitamini C. Chuma majani ya mlonge, yapike muda mfupi, ule nao.