Unavuka Ruvuma kwenda kula sikukuu? Gonga muhuri kwanza

Msimu wa korosho ukishachanganya na pesa za mnada zikishaingia, vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi huanza kuulizana nani anakwenda wapi Desemba. Wengi ni Dar. Wengine, na ndio ninaowaandikia, huvuka mto kwenda kwa shangazi na binamu upande wa Msumbiji: Mueda, Pemba, Nampula, na wenye kifua huunganisha mabasi mpaka Maputo. Wanakwenda kutembea tu, begi moja na zawadi.

Mwaka 2024 safari hizo ziliangukia pabaya. Msumbiji ilipiga kura Oktoba 9. Daniel Chapo wa Frelimo, chama tawala, alipotangazwa mshindi wa urais Oktoba 24, mgombea wa upinzani Venâncio Mondlane aliyakataa matokeo na kuwaita watu barabarani, na hadi mwaka unakwisha hali ilikuwa haijatulia. Matairi yalichomwa, risasi zikalia, watu wengi wakafa. Siku ya Krismasi yenyewe wafungwa zaidi ya 1,500 walitoroka gerezani Maputo.

Kwenye vikao vyetu vya elimu ya uhamiaji vijijini, swali linalorudi kila mara ni hili: "Si huko hatuombi viza?" Ni kweli, Mtanzania haombi viza kwenda Msumbiji. Ila kusamehewa viza si kusamehewa muhuri. Ukipita kivuko cha Kilambo, au Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lile la mita 720 lililofunguliwa 2010, unagongewa kutoka upande huu na kuingia upande ule. Ukipita kwa mtumbwi unaokoa nauli na foleni, na mwenye mtumbwi anaujua mto kuliko mtu yeyote. Muhuri hana. Siku za amani unaweza kukaa kwa shangazi mwezi mzima bila kuulizwa.

Siku za ghasia hesabu inageuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri mwingi wa safari unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa mgeni anayeonekana mgeni. Mmakonde akiwa Mueda, au Mmakua wa Masasi akiwa Nampula, haonekani mgeni hata chembe. Lugha ni ileile, hata chale kwenye nyuso za mabibi ni zilezile. Raha ya kutembea kwa ndugu ndiyo hiyo. Lakini polisi wakianza kukimbiza vijana mtaani, nani atajua kwamba wewe ulitoka kununua vocha? Kwao wewe ni mwandamanaji kama wengine. Kisha unaulizwa kitambulisho kwa Kireno, unababaika, na papo hapo unaacha kuwa mwandamanaji, unakuwa mtu wa nje asiyejulikana ameingiaje. Katika mkoa wa Cabo Delgado, wenye Mueda na Pemba, ambako wanamgambo wameshambulia vijiji na miji tangu Oktoba 2017 na Watanzania wamewahi kukamatwa wakihusishwa nao, hilo la pili ni zito kuliko la kwanza. Kitu pekee kinachosema wewe ni mgeni wa halali ni ukurasa wenye muhuri. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kwa bei za minada ya kwanza ya 2024, hizo hazifiki kilo 50 za korosho.

Pasipoti ikae mwilini, isiachwe kwenye begi gesti. Piga picha ukurasa wa jina na ule wa muhuri, mtumie mtu wa nyumbani siku ileile unayoingia. Usisubiri mambo yachafuke: mwaka ule intaneti ya simu ilibanwa tangu Oktoba 25, siku moja tu baada ya matokeo.

Wengi wanaogopa risasi. Kwa uzoefu wangu, kinachompata msafiri mapema zaidi ni kukwama. Mji hufungwa ghafla. Waliokuwa Mtwara Mei 2013, wakati wa sakata la gesi, hawahitaji kuelezwa. Wakala wa pesa anafunga kibanda, basi halitoki, barabarani kuna magogo na vijana wanaomdai dereva pesa ndipo apite. Mpaka wa Ressano Garcia, njia kuu ya Maputo kwenda Afrika Kusini, ulifungwa mara kadhaa Novemba ile, na mwishoni mwa Desemba maelfu ya Wasumbiji wakakimbilia Malawi. Kwa hiyo kuwa na meticais, pesa za Msumbiji, taslimu za wiki nzima, na ujue njia mbili za kurudi.

Halafu simu. Maputo watu walikuwa wakigonga sufuria madirishani saa tatu usiku kupinga matokeo, mtaa mzima unalia kama kengele. Najua mkono utawasha. Usitoke kurekodi.

Ukikamatwa, una haki chini ya ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli: ukiomba, ubalozi wa nchi yako ujulishwe bila kucheleweshwa. Lazima uombe. Neno la Kireno ni "embaixada", lishike. Ubalozi wetu uko Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Pemba, basi usitegemee afisa atakufikia jioni ileile. Anaweza kuwajulisha ndugu zako na kukutolea hati ya dharura ya kurudi. Kukutoa kwenye kesi hawezi. Aliyevuka kwa mtumbwi naye ni Mtanzania na atasikilizwa, ila kwanza uraia wake uthibitishwe: namba ya NIDA ipo? Kama haipo, atafutwe mtendaji wa kijiji, naye huenda yuko mnadani.

Na kama uko ng'ambo sasa hivi bila muhuri, usirudi usiku ulikopitia. Mvua zikianza Ruvuma hujaa, kuna mamba na viboko, na doria ipo pande zote mbili. Nenda mchana kituo cha mpakani, ueleze ulivyoingia. Utahojiwa, na huenda ukashinda kwenye benchi pale mpaka jua linazama. Beba maji.