Kiporo, maikrowevu na miale isiyobaki

“Ngoja kwanza miale itoke, mwanangu.” Shangazi yangu hapa Malindi husema hivyo kila maikrowevu inapolia. Husimama mbali, leso begani, akahesabu kimoyomoyo, ndipo achukue bakuli lake la mbaazi. Nampenda, ndiyo maana naandika haya: anaogopa kisichodhuru, na kinachodhuru anakipita.

Dhana: miale hubaki kwenye chakula.

Ukweli: miale ya maikrowevu ni mawimbi ya ukoo mmoja na mawimbi ya redio na mwanga wa taa. Ukizima taa, mwanga haubaki chumbani. Hapa pia, ukifungua mlango mtambo hukatika na mawimbi huisha papo hapo. Hayana nguvu za eksirei. Kazi yake ni kuzitikisa molekuli za maji mpaka chakula kipate moto. Chungulia kile kiwambo cha mlangoni. Vitundu vyake havizidi upana wa punje ya mchele, na wimbi lina urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo halipenyi. Wimbi la mwanga ni fupi mno, linapita, nawe unaiona mbaazi ikizunguka. Mlango uliopinda ndio wa kuuogopa, usiutumie.

Dhana: chakula huiva kuanzia ndani.

Ukweli: mawimbi huingia sentimita mbili tatu tu, katikati hungojea joto lisambae. Pilau hutoka ya moto pembeni, baridi ndani. Koroga, funika, iache itulie kidogo. Maziwa ya mtoto usiyaweke humo kabisa: chupa utaishika vuguvugu, kumbe ndani pana sehemu inayounguza ulimi. Itie chupa kwenye bakuli la maji ya moto.

Dhana: kiporo kikishapashwa moto, ni salama.

Hii ndiyo inayoninyima raha. Wali uliolala mezani usiku kucha, kwa joto letu hili la pwani, huweza kuota bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mojawapo ya sumu zake haiishi kwa kupashwa, iwe kwa maikrowevu, gesi au makaa. Ukiuona wali umelala nje, umwage, hata kama ni wa nazi na roho inauma. Ukibaki usiku, utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie frijini kabla hujalala.

Wengine hudhani mawimbi haya ni ya jikoni tu. Waifai nyingi za nyumbani hutumia masafa (kasi ya mtikisiko wa wimbi) yaleyale ya maikrowevu, gigahezi 2.4, kwa nguvu ndogo mno. Na pale Ngomeni, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, antena huzungumza na setilaiti kwa mawimbi ya jamii hiyohiyo. Bahari ya hapo ndipo ilipoondokea Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani.

Kuna na ndoto ya kukusanya umeme wa jua angani na kuushusha kwa mawimbi haya. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech, mjini Pasadena, Marekani, waliyatuma kutoka kwenye chombo kinachoizunguka dunia, yakanaswa hukohuko Pasadena. Ni machache mno, lakini yalifika. Shangazi aliposikia, aliuliza kama yatatuchoma. Nilimwambia mipango mingi inataka mwale utandazwe kilomita kadhaa, uwe dhaifu kuliko jua la saa sita analoanikia nguo zake uani.