Mtoto mkimbizi kuongea vizuri si sawa na kuelewa kitabu

Wanafunzi wengi wa chuo wanaojitolea kufundisha watoto wakimbizi huamini kwamba mtoto akishaongea lugha ya shule bila kukwama, suala la lugha limekwisha. Akifeli hisabati, basi ni mvivu. Si kweli, na kosa hili huwaumiza watoto.

Mwaka 1979 mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo, yaani ile ya vitabu na maswali ya darasani. Ya kwanza huchukua takriban miaka 2. Ya pili huchukua 5 hadi 7, na mara nyingi huzidi hapo kwa mtoto aliyekatizwa shule kabla hajajua kusoma kwa lugha yake mwenyewe.

Kwa hiyo pima kwanza. Mpe swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno, alisome kwa sauti, kisha aeleze linataka nini kabla hajaanza kukokotoa. Halafu mpe hesabu ileile kwa tarakimu tupu. Akipata ya pili na kukwama ya kwanza, kinachomshinda ni maneno. "Tofauti" husumbua sana: nje ya darasa ni kutofanana, kwenye hesabu ni jibu la kutoa.

Fundisha maneno 5 au 6 kwa kipindi, siyo 20, na uyarudie kipindi kinachofuata. Usiulize "umeelewa?", maana wengi huitikia ndiyo kwa heshima tu; mwambie akuonyeshe. Akitaka kuwaza au kuandika rasimu kwa lugha ya kwao, mwache. Anajenga juu ya anachokijua.