Plazima Baridi: Mwale Usiofika Ndani

"Mwanangu, hii mnayo?" Mama mmoja alinisogezea simu akiwa anasubiri zamu yake ya mionzi. Kwenye video, kifaa mfano wa kalamu kinatoa mwale mwembamba wa zambarau, mtu anapitisha kidole kwenye mwale huo bila kuungua, na sauti inatangaza kwamba kansa imepata dawa. Mimi si daktari. Ni mwanafizikia tiba, kazi yangu ni kuhakiki dozi kabla mgonjwa hajalala chini ya mashine. Ila swali lake lilikuwa la fizikia hasa.

Hatukuwa na kifaa hicho. Lakini si uongo mtupu.

Mwale ule ni wa plazima baridi. Plazima hii si ile ya damu. Ni gesi iliyotiwa umeme mpaka elektroni zikabanduka kwenye atomu zake. Irving Langmuir wa Marekani ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1928. Radi ni plazima, na cheche ya fundi wa kuchomelea vyuma pia. Hizo huunguza. Ndani ya taa ya tyubu nako kuna plazima, lakini ukiishika taa huungui, ingawa elektroni zilizomo zina joto la maelfu ya nyuzi. Elektroni ni nyepesi mno: zikigonga atomu za gesi ni kama punje za mtama zikirushwa kwenye jiwe, jiwe halistuki. Kalamu ile hutumia ujanja huohuo kwa gesi ya agoni au heliamu, na ncha ya mwale hukaa chini ya nyuzi 40.

Kinachoua seli basi si joto. Mwale ukikutana na hewa na unyevu huzaa kemikali kali za oksijeni na nitrojeni: ozoni, oksidi ya nitriki, na hata haidrojeni peroksaidi, ambayo wauguzi wengi wanaijua kwa kuoshea vidonda. Seli ya saratani hukua kwa pupa, na pupa hiyo huijaza kemikali za aina hii tangu mwanzo. Ni ndoo iliyokaribia ukingo. Ukiiongezea kidogo inafurika, na seli huanza kujiua yenyewe. Seli yenye afya iliyo jirani bado ina nafasi. Kundi la mtafiti Annemie Bogaerts, Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, limeongeza hoja nyingine: utando wa seli nyingi za saratani una kolesteroli kidogo, hivyo kemikali hizo hupenya kwa urahisi zaidi.

Maelezo haya yanapendeza, nami nayaamini kwa sehemu kubwa. Ila maabara zimeonyesha pia uvimbe usiojali na seli zenye afya zinazokufa. Tena dozi ndogo huamsha seli badala ya kuziua. Ndiyo maana Ujerumani kalamu iitwayo kINPen MED, iliyoidhinishwa mwaka 2013, hutumika kuponya vidonda sugu. Kitu kinachohimiza kidonda kufunga si cha kuchezea juu ya uvimbe.

Halafu kuna suala la kina, ambalo video hazilisemi. Mionzi yetu hupenya mpaka ndani kabisa ya mwili. Kemikali za plazima huishia kwenye tabaka la juu, milimita chache tu kwa kukisia kwa ukarimu. Uvimbe wa ini hauwezi kufikiwa kutoka nje ya ngozi. Kwa hiyo watafiti wanatafuta mahali palipo wazi. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu jaribio la kwanza la aina yake, likafanyika Chicago na Israeli kwa wagonjwa 20: daktari anaukata uvimbe kwanza, kisha anapitisha plazima kwenye kingo za jeraha ambako seli zinaweza kuwa zimesalia. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza, inayouliza kama kitu ni salama. Nagoya, Japani, wanatia plazima kwenye kimiminika na kujaribu kimiminika hicho juu ya seli. Tübingen, Ujerumani, wameijaribu kwenye mabadiliko ya seli za mlango wa kizazi yanayoweza kutangulia saratani. Hilo linatugusa Tanzania, ambako saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake, ingawa mabadiliko hayo tayari tunayatibu kwa kugandisha au kwa joto, mara nyingi siku ileile ya kipimo cha siki, yaani kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ili mabadiliko yaonekane.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya Greifswald, pwani ya kaskazini ya Ujerumani. Waliitumia kwa wagonjwa wachache wenye saratani ya kichwa na shingo iliyopasuka na kuoza. Usaha ulipungua, na harufu ikapungua. Aliyewahi kukaa wodini anajua harufu ile inavyofukuza hata ndugu. Baadhi yao uvimbe ulinywea kwa muda, lakini hawakupona saratani yao.

Kwangu mimi kikwazo kikubwa ni kipimo. Mionzi ina grei, kipimo cha dozi ambacho ni kimoja duniani kote: grei 2 za Dar es Salaam ni grei 2 za Mumbai. Plazima haina kipimo kilichokubalika na wote. Dakika mbili za agoni si dakika mbili za heliamu. Ukisogeza kalamu sentimita moja mchanganyiko unabadilika, na unyevu wa hewa nao unaubadilisha. Sijui masika ya pwani yetu yangeufanya nini mwale ule.

Mama yule alitaka kusimamisha mionzi kwanza akaulizie ng'ambo. Nilimfungulia faili lake: grei 50, vipindi 25, siku hiyo kilikuwa cha 17. Nikamwonyesha mahali dozi inapoandikwa, nikamwambia kwamba kwa plazima nisingejua niandike nini kwenye nafasi ile. Akacheka, akaweka simu kwenye mkoba, jina lake likaitwa.